Taa Nilizopima Gari Likiwa Tupu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Najua mtacheka. Mtu hustaafu akiwa na mvi, akapewa mbuzi na hotuba. Mimi nilifunga sanduku la vifaa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka. Lakini miaka kumi na miwili ya kushika nyaya za magari, Arua na Koboko, ni kazi kama kazi nyingine, na yangu imekwisha. Naandika haya kwa nyinyi mnaoanza umeme wa magari, wasichana hasa, kwa sababu hamchoki kunipigia simu mkiuliza jinsi ya kutoa balbu za halojeni na kufunga zenoni. Nitawaambia yote. Mkimaliza kusoma mtajua wenyewe kama bado mna swali.

Nilianza Oli, pale ukingoni mwa Arua, kwa Papa Bosco. Nilikuwa nimemaliza Sinia Foo, yaani kidato cha nne, na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu wala kumhuzunisha. Nyumbani waliamua niende kujifunza cherehani. Gereji ya Papa Bosco ilikuwa katikati ya nyumbani na hiyo cherehani, na mimi sikufika kwenye cherehani.

Papa Bosco alikuwa Mkongomani wa Ariwara, mfupi, suruali imetobolewa na asidi ya betri kama chujio. Siku ya kwanza aliniuliza shule ilinifundisha umeme unatoka wapi na kwenda wapi. Nikajibu vizuri, chanya, hasi, kama kwenye mtihani. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu wako alikusomesha umeme wa ubao. Umeme wa gari inarudiaka kwenye bodi. Kwanza tafuta pale inarudia." Akanipa testa, ile balbu ndogo yenye sindano na waya, akaniacha na lori lililokuwa na taa moja hafifu. Nilibadilisha balbu, nikabadilisha fyuzi, nikaanza kulia kidogo. Mchana alikuja na kipande cha msasa, akasugua kutu mahali waya ulipofungwa kwenye bodi, na taa ikawaka kama mwenzake. Tangu siku hiyo jina langu Candiru likafa pale gereji, nikawa Sinia Foo. "Sinia Foo, leta koleo." "Sinia Foo, hiyo waya iko moto, ama unataka kuisoma kwanza?"

Shikeni hilo la msasa. Taa ikififia, usikimbilie balbu. Safisha pale waya unapofunga kwenye bodi, kisha pima kama umeme wa betri unafika wote kwenye taa. Nusu ya watu wanaotaka zenoni hawana shida ya balbu. Wana kutu, na kioo cha taa kilichogeuka rangi ya chai. Kusugua kioo ni kazi ya asubuhi moja, lakini hakuna anayekwenda kujisifu kijiweni kwamba amesuguliwa kioo.

Nyuma ya gereji kulikuwa na ukuta uliopigwa lipu, na mbele yake uwanja ambao Papa Bosco aliusawazisha kwa mpira wa maji, akitazama maji yalivyosimama huku na huku, kwa siku mbili nzima. Ukutani kulikuwa na mistari ya mkaa. Gari linasimama hatua kumi kutoka ukutani, unawasha, unafunika taa moja kwa gunia, unazungusha skrubu ya nyuma mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukae chini kidogo ya mstari. Ndivyo taa zinavyopimwa, na hilo mnalijua. Msilolijua ni magunia. Kabla ya kupima, Papa Bosco alipakia magunia manne ya mchanga kwenye buti, na watu wawili walipaswa kukaa kiti cha nyuma. Watu wasipopatikana, kwa mfano siku ya mechi ya Onduparaka, timu yetu ya Arua, ambapo huwezi kupata fundi hata wa dawa, aliwaita wateja waliokuwa wakisubiri. Niliwahi kuona mwalimu mkuu mzima amekaa juu ya gunia la mchanga, mkoba mapajani, akiuliza kama bado.

Mteja mmoja alimwambia hayo ni mambo ya mchawi. Papa Bosco akamjibu kwamba nyuma ya gari ikilemewa, pua inainuka, na pua ikiinuka taa zinatazama mbinguni. "Hapa kwetu gari haitembeaka tupu," alisema. "Mutu akipima gari tupu, amepima gari ya Ulaya."

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa ya mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Gari lake lilitengenezwa kwa nchi ambako watu hupita upande wa kulia. Alilalamika kwamba tangu avuke mpaka, kila dereva anamwashia taa, wengine wanamtukana, akadhani watu wa huku kwetu West Nile hawapendi wageni. Tukaliweka mbele ya ukuta. Mwanga wa taa za namna ile una bega linalopanda upande mmoja ili kuangaza kando ya njia. Kwao bega lile linaangaza majani. Kwetu, tunaopita kushoto, linaingia moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Nilibandika utepe mweusi kwenye kioo, kipande cha umbo la kabari, kidogo kidogo, mpaka bega likakatika. Alirudi baada ya wiki akiwa na sukari kilo mbili, akasema watu wamekuwa wazuri.

Sasa zenoni. Balbu ya halojeni ni uzi unaoungua ndani ya kioo. Bakuli la taa limepindwa kwa hesabu ya uzi ule, pale ulipo, urefu wake ulivyo. Zenoni haina uzi. Ni gesi, na umeme unaruka ndani yake kama radi ndogo. Ndiyo maana inahitaji kile kiboksi kinachoitwa balasti, kinachopandisha umeme hadi maelfu ya volti wakati wa kuwasha. Msiguse nyaya zake taa ikiwaka, watoto wenu bado wanawahitaji. Msiguse kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi yatakipasua. Chukueni umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia rilei, ile swichi ndogo inayobeba umeme mkubwa, si kwenye waya wa zamani wa taa, utayeyuka. Fungeni balasti mahali maji hayafiki. Na msidanganywe na zile za rangi ya buluu. Kwenye vumbi la Koboko na mvua ya Arua, buluu inakuonyesha vumbi na mvua, basi.

Lakini ukiweka radi ile ndani ya bakuli lililopindwa kwa ajili ya uzi, mwanga unamwagika. Unakwenda chini, juu, pembeni, kila mahali. Zenoni inataka taa yenye jicho, ile yenye kioo cha mviringo ndani kinachokata mwanga kama kisu. Papa Bosco alifunga zenoni kwenye taa za jicho tu. Kama gari lina bakuli, alitafuta taa za jicho zilizotoka kwenye magari yaliyogongwa, akafungua taa kwa joto, akapandikiza, akaziba. Mteja akikataa kungoja alisema fundi wa mjini anaiweka kwa saa moja. Papa Bosco alimjibu, "Basi mjini ni karibu."

Nilikaa naye miaka tisa. Kisha mke wake akafa Ariwara, akaenda kuzika, akabaki. Nilimngoja miezi mitatu. Alituma mtu achukue koleo lake na akaniachia testa. Mwaka uleule baba wa watoto wangu alikwenda Juba kutafuta maisha, akayapata, na hayakuwa na sisi ndani yake. Nilikuwa na Feta wa miaka miwili na mwingine tumboni. Arua ikanishinda. Nikahamia Koboko, ambako dada yangu alikuwa na chumba cha ziada, nikasimamisha mabati manne kando ya stendi.

Koboko nilikuwa mwanamke pekee mwenye testa. Mwanzoni walileta magari kuja kuangalia. Waliuliza, "Wewe iko fundi ama iko bibi ya fundi?" Nilikuwa na tumbo la miezi saba, nimelala chini ya dashibodi, miguu nje. Niliwajibu kwamba fundi yuko ndani ya tumbo, mimi namshikia vifaa. Walicheka, wakarudi.

Nilichora mstari wangu ukutani kwa mkaa. Nilisawazisha uwanja kwa mpira wa maji, nikajaza magunia manne. Nilifunga zenoni kwenye taa za jicho tu, mwaka mzima. Halafu wakaja mafundi wengine wawili stendi, wanaiweka kwenye bakuli kwa saa moja, huku mteja anakunywa chai. Nikaona magari yananipita. Sitawaeleza habari ya njaa, kila mtu ana yake. Nilianza kuweka kwenye bakuli. Nilijiambia kwamba nikiweka kifuniko cha bati mbele ya balbu, na nikipima kwa magunia, na chini ya mstari zaidi ya kawaida, haitakuwa mbaya sana. Na kweli, haikuwa mbaya sana. Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu fundi akiyasema ameshakubali ubaya, anachopanga ni ukubwa wake.

Drale alikuwa na wagoni ya abiria, Koboko kwenda Arua asubuhi, kurudi jioni. Si mtu mbaya. Napenda kusema hivyo mapema kwa sababu mtamtafuta mbaya hapa na mtampata yeye, na siye. Alikuwa ameniletea gari kwa miaka miwili, akimbeba Feta begani akingoja. Alitaka zenoni kwa sababu macho yake yalianza kuchoka jioni na aliogopa kugonga mtu. Nataka muisome tena sentensi hiyo. Aliogopa kugonga mtu.

Nilifunga asubuhi ya Jumatano. Kila kitu kilikwenda vizuri: rilei, balasti, vifuniko. Ilibaki kupima. Dada yangu akapiga simu, Feta ana homa inapanda, ametapika dawa. Magunia yalikuwa yamelowa mvua, mazito kama maiti, na nilikuwa peke yangu. Drale alikuwa wa pili kwenye foleni ya stendi, wanamwita. Akaniuliza kama anaweza kuondoka.

Nikasukuma gari mbele ya ukuta, nikapima tupu. Nikashusha kidogo kwa kukisia. Nikamwambia, "Enda, kesho utaleta nimalizie."

Dakika tano. Kupakia magunia kungechukua dakika tano, au kuwaita abiria wake wakae ndani, walikuwa pale pale wanangoja. Sikuwaita. Nilikimbia nyumbani. Feta alipona. Nilimshukuru Mungu usiku ule, na wakati ninamshukuru jambo lilikuwa limeshatokea.

Alhamisi Drale alikuja kama tulivyopatana. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, lakini alianza kwa kunisifu, kwa adabu. Alisema, "Dada, taa yako iko kali. Jana nilikuwa naona mpaka vichwa vya mikalatusi."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Dereva hapaswi kuona vichwa vya mikalatusi. Akiona majani ya juu ya mti, basi kila aliyekuja mbele yake hakuona kitu. Nikamuuliza alikuwa amebeba nini. Watu tisa, akasema, na magunia ya unga na jeneta ya mtu, nyuma kabisa. Kisha akaniambia kwa nini hajalala. Karibu na njia ya kuingilia Abuku, giza limeanza tu, bodaboda ilikuwa inakuja kutoka mjini. Ikayumba, ikatoka barabarani yenyewe, ikaingia kwenye kalavati. Haikumgusa. Yeye ndiye alisimama, yeye ndiye aliwapakia na kuwapeleka hospitali. Mwendesha pikipiki amevunjika mfupa wa bega. Abiria, mwanamke anayeitwa Kiden, alikufa njiani kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya abiria mwingine. "Huyu kijana alikuwa amelewa," Drale akasema. "Polisi wamemshika hukohuko hospitali."

Mnajua nilifanya nini? Nilipakia magunia. Yalikuwa yamekauka. Niliwasha taa, na mwanga ukapita juu ya mstari wangu, ukapita juu ya ukuta, ukaenda. Nilishuka, nikazungusha skrubu, mizunguko mitatu taa ya kushoto, mitatu na nusu ya kulia. Mkono wa fundi unahesabu hata akili ikiwa imekufa. Mwanga ukashuka, ukakaa vizuri. Drale akashukuru, akaondoka. Kwa dakika kumi za kazi safi nilikuwa nimefuta ushahidi wote.

Nikanyamaza siku tisa.

Siku hizo tisa habari ilinifikia bila kuitafuta, kwa sababu stendi haina siri. Kijana wa bodaboda aliitwa Wani. Alikuwa jirani ya huyo Kiden, kijiji kimoja Abuku, alimbeba kila siku ya soko. Mchana ule alikuwa amekunywa kibuyu kimoja cha kwete, pombe ya mahindi, kwenye matanga, na watu waliomwona walisema kimoja, halafu vitatu, halafu alikuwa anaimba. Wenzake wa bodaboda walisema anawaambia polisi kila siku jambo moja, na polisi wanacheka. Anasema, "Jua mbili ilitoka mbele yangu, barabara ikapotea." Mlevi gani haoni jua mbili? Hata stendi walicheka. Ikawa msemo. Mtu akijikwaa, wanamuuliza kama ameona jua mbili. Fundi mmoja alinirushia mimi msemo huo nilipoangusha spana, na nilicheka. Niliwaahidi kuandika kila kitu. Nilicheka.

Usidhani dhamiri iliniamsha. Nilikuwa nahesabu. Nikisema, watoto wanakula nini? Nikinyamaza, Wani atafungwa kwa kuua, na mke wake ana mimba, nilisikia hivyo pia. Niliweka mzani huo kila siku, na kila siku upande wangu ulikuwa mzito, kwa sababu ndani yake kulikuwa na Feta. Kilichouvunja ni kidogo. Mke wa Wani alikuja stendi kuuza mataa ya ile pikipiki iliyovunjika, apate chakula cha kumpelekea mumewe mahabusu. Alipita kwa fundi wa kwanza, wa pili, akafika kwangu. Alikuwa ameyafunga kwenye kanga. Aliniuliza, "Dada, hii taa iko nzuri bado?" Nikaichukua, nikaiweka kwenye betri. Ikawaka, manjano, hafifu, imetazama chini kama inavyotakiwa. Ilikuwa imepimwa vizuri kuliko taa yoyote iliyotoka kwenye mabati yangu mwaka ule.

Nilimwambia akae. Nilimwachia mdogo wake Feta amshike, nikaenda kituoni.

Afisa aliyenisikiliza alikuwa mstaarabu, na hilo lilinitesa zaidi. Aliuliza kama nimetumwa na familia ya Wani. Nikasema sijawahi kumwona. Aliuliza kama Drale alilazimisha. Nikasema Drale alitaka kuona barabara. Wakamwita Drale na gari. Nikawaomba wapakie watu tisa na kitu kizito nyuma, jioni, mbele ya ukuta wa kituo. Walikaa polisi sita na raia watatu, na nyuma wakaweka mifuko ya saruji. Nikawasha. Mwanga ukakaa chini, mzuri, kama wa shule.

"Sasa?" afisa akauliza.

Nikamwambia niliushusha siku iliyofuata ajali. Nikainama, nikarudisha mizunguko mitatu kushoto, mitatu na nusu kulia. Mwanga ukapanda, ukatoka juu ya ukuta, ukapiga mti wa jirani. Polisi mmoja aliyekuwa mbele alijifunika uso kwa mkono, akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga mtaro.

Drale alikuwa amesimama kando yangu. Aliyatazama yale majani yaliyoangazwa. Kisha akaniambia polepole, bila hasira, "Kumbe ni mimi nilimuua, halafu nikambeba." Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Wewe hukuwa ndani ya gari." Mpaka leo hajaendesha tena. Gari aliliuza Arua, na kabla ya kuliuza alizing'oa zenoni kwa mikono yake, akarudisha halojeni, vibaya, waya mmoja umelegea. Sikuthubutu kumwambia.

Afisa alinieleza kwamba mtu yeyote angeweza kuzungusha skrubu na kusema hivi ndivyo ilivyokuwa. Ushahidi haukuwa skrubu. Ushahidi ungekuwa sahihi yangu, jina kamili, kwamba nilijua gari linatembea na mzigo, nikapima tupu. Kabla ya kusaini aliniacha peke yangu nifikiri. Nje walikuwa wanangoja wale mafundi wawili, habari imewafikia. Mmoja, ambaye nilimfundisha kufunga rilei, alisema kwa upole, "Dada, ukisaini hiyo unatuchoma sote. Sema tu balbu ilikuwa mbovu. Balbu haina watoto."

Nilimjibu kwa neno ambalo siwezi kuliandika kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Nikarudi ndani, nikasaini.

Wani alitoka. Mimi naripoti kituoni kila Jumatatu, na faili yangu haijafika mwisho. Hakuna aliyenifukuza stendi. Waliacha kuniazima vifaa, basi. Madereva walipita na taa zao nyeupe wakitazama mbele. Kitu kilichonichoma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyezitoa. Wale mafundi wanaendelea, saa moja, chai moja. Simameni jioni moja kwenye barabara ya kutoka Arua mhesabu. Ndiyo, nina hasira. Nina hasira na mimi kwanza, halafu nina hasira na nyinyi, kwa sababu mnanipigia simu kuniuliza balasti ya wati ngapi.

Nilifunga mabati kabla ya Pasaka. Siku ya mwisho kazini mafundi wengi hukumbuka gari la mwisho walilotengeneza. Mimi silikumbuki. Nakumbuka nilichofanya baadaye, na ndicho nataka mkijue kuliko rilei.

Nilikwenda Abuku kwa mama yake Kiden. Wani alikuwa amerudi kijijini, lakini mama huyo hakuwa anamjibu salamu. Watu walimwambia polisi wamemwachia, yeye akasema polisi wana bei zao. Njia ya Wani kwenda kisimani inapita mlangoni kwake, na kila asubuhi aliposikia hatua zake aligeuza kiti. Nilidhani nikimweleza mimi mwenyewe, atakubali.

Alikuwa anapepeta ufuta. Kikakwa changu ni cha sokoni, na Kiswahili chake ni cha mume aliyekuwa askari, tukakutana katikati. Nilimwita Mama, nikapiga goti, nikakaa chini. Nilieleza kila kitu: halojeni, zenoni, bakuli, magunia, homa ya Feta. Nilieleza vizuri, kama niko darasani. Alisikiliza huku ungo ukienda juu na chini. Nilipomaliza aliuliza kama mtoto wangu alipona. Nikasema alipona. Akauliza ana miaka mingapi. Nikasema mitano. Akaendelea kupepeta.

Kisha akaweka ungo chini.

"Wani nilimuona amezaliwa," alisema. "Nilijifunza kumchukia, ilikuwa kazi kubwa sana. Sasa nimeshajua. Wewe unakuja hapa kuniambia nianze tena na mutu mwingine?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Naomba uanze na mimi."

Alinitazama, mikono yangu hasa, ambayo bado ilikuwa na weusi wa mafuta kwenye kucha. Nje tulisikia hatua za mtu na ndoo, anapita kwenda kisimani. Mama hakugeuza kiti chake. Aligeuka akatazama mlango mpaka hatua zile zikapita. Kisha akanirudia.

"Jina lako nani?" akauliza. "Lote."

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, taratibu, asilikosee, lisije likampotea, halafu akaniambia niondoke.